Mbwa wa Amri Mbili

"Mbwa wa amri mbili hamjui mwizi." Jana mlimsikia shangazi yenu akiwaambia maharusi maneno hayo, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza mbwa anaingiaje kwenye ndoa. Anaingia, tena kwa miguu yote minne. Methali hii haikutungwa na wenye hekima. Ilizaliwa katika nyumba ya watu wawili waliopendana, na chanzo chake ni hiki.

Juu katika milima ya Upare aliishi Nakundwa na mumewe Mrindoko. Walikuwa na mtoto mchanga, Nanzia. Homa ilikuwa imemkausha Nakundwa maziwa, basi mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja mweupe. Hawakuwa na mwingine. Na siku zile wezi wa mifugo walikuwa wakipita kijijini hata mchana.

Wakaenda kuomba mtoto wa mbwa kwa mjomba wake Nakundwa. Mjomba akawapa dume jeusi, nao wakamwingiza nyumbani kinyumenyume, kama ilivyokuwa desturi, ili asahau njia ya alikotoka. Wakamwita Tuone. Mjomba aliwaonya jambo moja tu: anachokataza mmoja, mwenzake asikiruhusu. Wakaitikia wote wawili. Wakakubaliana kwamba Tuone atakula kwenye kigae chake tu, na kwamba yeyote atakayeingia, awe wa njia ya mbele au ya nyuma kwenye migomba, abwekewe mpaka mwenye nyumba aseme, "Basi."

Mbwa alishika upesi. Nakundwa alifurahi, akawa anateka maji kwa moyo mweupe.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale, mwanamume akishaoa, chungu chake ni kwa mkewe. Akienda kula kwa mama yake peke yake, ni kama kumtangaza mkewe kwamba hajui kupika. Nakundwa alikuwa mwepesi wa kuudhika kwa jambo hilo, kwa kuwa makande yake, tuseme kweli, yalikuwa magumu kidogo.

Mwezi wa pili ulipoandama, Nakundwa alianza kuona mambo. Mrindoko alikuwa akimega chakula mara mbili tatu, kisha anasema jua limemchosha. Tuone naye alikuwa akinuka nyama ya kukaushwa mdomoni, na nyumba ile haikuwa imeonja nyama tangu sikukuu. Halafu mbwa akaacha kubweka upande wa migomba. Majani yakichakacha huko, alilala kifudifudi na kutikisa mkia. Nakundwa alimkaripia, akamfundisha upya, akambembeleza. Mbwa alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali na watu wawili kwa wakati mmoja.

Wasiwasi ukamwingia. Kwanza alimshuku jirani yao Kiangi, ambaye siku zote aliusifu weupe wa yule mbuzi. Akaacha hata kwenda kwake kuazima moto. Baadaye akashuku kwamba mbwa amelishwa dawa. Mwisho akamwaga majivu kwenye njia ya migombani, na jioni akaenda kutazama. Alikuta nyayo za katambuga, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja. Viatu hivyo alivijua, maana yeye ndiye aliyevipanga mlangoni kila jioni.

Moyo ulimwuma sana. Nani huyo anayempikia mumewe nyama? Angeweza kumwuliza usiku uleule, lakini alizifuta nyayo kwa mguu wake akanyamaza. Aliona heri ajue yote kwanza. Na hapo, wajukuu zangu, naye alikosea.

Siku moja kabla ya adhuhuri, Mrindoko akiwa shambani, Nakundwa alimfunga mtoto mgongoni akashuka mferejini. Aliporudi, banda lilikuwa wazi na kamba imekatwa. Tuone alikuwa chini ya ghala, anatafuna mfupa kwa raha zake.

Alipiga yowe, watu wakajaa. Mrindoko alikuja mbio na jembe begani, mama yake akafuata, na mjomba akaitwa. Mzee mmoja akanong'ona kwamba mbwa asipobweka, mwizi ni wa nyumbani. Nakundwa akalisikia neno hilo, akamgeukia mumewe.

"Baba Nanzia, mbuzi wa mtoto umempa nani?"

"Mimi nilikuwa shambani," alisema Mrindoko.

"Nyayo zako niliziona migombani kabla ya leo, nikazifuta. Mbwa umemziba mdomo kwa nyama. Nimwone huyo mwanamke anayekupikia."

Aliyejibu ni mama yake Mrindoko, kwa sauti ndogo.

"Mwanamke mwenyewe ni mimi, mwanangu. Aliniambia wewe ndiye unayemruhusu."

Ndipo Mrindoko alipokiri kwamba kila alipotoka kula kwa mama yake alipita migombani, na ili mbwa asimtangaze, alimrushia mfupa na kumwambia anyamaze.

Mjomba aliinama chini ya ghala akamnyang'anya Tuone mfupa. Alimpa Kiangi ule mfupa, akamwomba aje kwa njia ya mbele. Tuone alimbwekea mpaka povu likamtoka. Kisha akamwomba apite migombani. Tuone alilala chini, akatikisa mkia, akafumbua mdomo.

"Mbwa msimlaumu," alisema mjomba. "Mke alimwambia bweka. Mume alimwambia nyamaza, tena akamlisha. Mwizi amekuja na amri ya mume. Nawe, mama Nanzia, uliziona nyayo ukazifuta."

Mbuzi yule hakuonekana tena. Mama mkwe alitoa mbuzi wake wa maziwa, lakini mtoto aliyakataa maziwa yale mapya, akalia kutwa nzima mpaka sauti ikamkauka. Baba na mama walipokezana kumbeba, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumlaumu mwenzake. Alipokunywa hatimaye, wote wawili walilia. Nakundwa alikwenda kwa Kiangi kuomba radhi, akarudi na kijinga cha moto.

Tuone alifundishwa upya, na kufundisha upya ni kazi kuliko kufundisha. Safari hii walisimama pamoja, mmoja migombani, mwingine uani, neno likiwa moja. Kwa mama mkwe walikwenda kula wote watatu, kwa njia ya mbele, na huko Nakundwa akajifunza kuloweka mahindi ya makande.

Kisha jioni moja Mrindoko alirudi kwa njia ya migombani. Tuone akamrukia kwa kubweka, bwana wake mwenyewe. Mrindoko angeweza kumnyamazisha. Alitua jembe, akasimama palepale kama mgeni, akangoja mpaka mkewe alipotokea mlangoni akiwa na mtoto mkononi, na kusema, "Basi."

Nendeni basi mkawacheke tena maharusi, kama mnaweza. Mbwa wa amri mbili hamjui mwizi.