Nungunungu Aomba Njia ya Baiskeli

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa wanapanda baiskeli. Msicheke, wanyama wa zamani walikuwa na mambo! Bi Kanga alikuwa na yake, nyuma kwenye keria kafunga trei za mayai. Kriing, kriing, anakwenda gulioni. Barabara yenyewe moja tu. Nyati akija, vumbi, gudu gudu gudu! "Pisha, madoadoa we!" Bi Kanga mtaroni, puu! Mayai, pwaa! Kila gulio mtaroni. Kila gulio mayai chini.

Ukafika uchaguzi wa diwani. Nyati akagombea. Nungunungu naye akagombea. Akasema, "Ndugu zangu, mkinichagua, tutachimba njia ya baiskeli pembeni. Na kivuli cha kuegesha. Na pampu ya bure."

Weee! Vigelegele! Bi Kanga akashangilia mpaka unyoya ukamdondoka.

Nungunungu akapita nyumba kwa nyumba, barabara nzima, anaieleza njia yake. Kwa furaha anatingisha mgongo, chaka chaka chaka. Huko nyuma baiskeli zikaanza. Ya Sungura, pssss! Pancha. Ya Kima, pssss! Pancha. Wakasema, "Ni Nyati huyo! Anamwaga misumari!" Hata mimi ningesema hivyo hivyo, jamani.

Asubuhi ya kura, Bi Kanga akamjia Nungunungu uwanjani, anakokota baiskeli, tairi limelala. "Bwana mgombea, nimeuchomoa kwenye tairi. Huu wa nani?"

Mwiba mrefu. Mweusi, mweupe, mweusi.

Nungunungu angesema Nyati ndiye kautega, uwanja mzima ungeitikia.

"Wangu, Bi Kanga. Naomba njia, kumbe naiharibu mwenyewe."

Nyati akaangua kicheko. "Ho ho ho! Kajimaliza huyo!"

Nungunungu akachukua kikapu, akainama barabarani. Akaokota mmoja. Akaokota mwingine. Akasahau hata kura.

Sasa, enzi hizo kura haikuwa karatasi. Unasimama nyuma ya unayemtaka, basi. Bi Kanga akasukuma baiskeli yake, akasimama nyuma ya Nungunungu. Sungura akafuata. Kima. Digidigi. Anaokota, wanasogea. Anaokota, wanasogea. Mstari ukafika gulioni! Ila Bi Kanga pale mbele alikaa mbaliii naye kidogo. We, mgongo ule nani ausogelee? Kha kha kha!

Nyuma ya Nyati lilisimama vumbi lake.

Njia ikachimbwa. Diwani Nungunungu huipita kila asubuhi, kikapu mkononi. Bi Kanga naye kriing, kriing, mayai mazima.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukiwaombea watu njia nzuri, anza kuokota miiba yako. Na anayesema "wangu" mbele za watu, huyo mpeni kazi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Baiskeli nimeiegesha, anayetaka na apande.