Mstari wa Kapasita ya Manjano

Kabla ya kusoma mstari, mjue mwenye mstari. Leo asubuhi mmemsikia mkunga akimwambia mwenzake maneno hayo kwenye dirisha la dawa, nanyi mkaniuliza ni mstari gani huo, na mwenyewe ni nani. Wengi wanaoisema methali hii hawajui ilikotoka. Mimi naijua, na chanzo chake ni hiki.

Huko milima ya Rungwe alikuwako fundi redio mwanamke, jina lake Atupele. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, na alipobaki mjane hakuifunga meza. Alikuwa na mkono mtulivu na macho makali, na sifa zake zilivuka mito mitatu. Mtu akimpelekea redio iliyokufa, alijua ataisikia tena.

Masika moja mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika, na kalvati la barabara ya kwenda wilayani likasombwa. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, simu ya Atupele iliita. Alikuwa Bupe, muuguzi wa kituo cha afya. Alisema mashine ya oksijeni imezima, na wodini mna mtoto njiti wa siku tatu anayepumua kwa msaada wake. Wamemhamishia kwenye mtungi wa akiba, lakini mtungi wenyewe hautadumu hadi saa nane. Fundi wa mashine amekwama ng'ambo ya kalvati. Ndiye aliyeshauri atafutwe yeyote mwenye kujua kulehemu.

Mashine ya namna hiyo Atupele hakuwahi kuifungua. Redio ikikosewa hunyamaza tu, hakuna anayekufa. Alitaka kusema hawezi, ila ulimi haukumtii. Akafunga vifaa vyake kwenye kitenge, akachukua na boksi la bodi kuukuu za redio alizokuwa akizihifadhi kwa ajili ya vipuri, akashika njia ya matope.

Nje ya wodi alimkuta bibi wa mtoto amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Walisalimiana. Bibi alivuta miguu kumpisha apite.

Walimpa meza kwenye chumba cha kufungia vidonda. Alifungua mashine, na haikumchukua muda kuuona ugonjwa. Kwenye bodi ya umeme palikuwa na kapasita, kile kidude cha kuutuliza umeme usiyumbe. Ilikuwa kikopo cha rangi ya fedha, kinene kama punje ya hindi, kilicholehemiwa juu ya bodi bila miguu ya kupenya upande wa pili. Kichwa chake kilikuwa kimevimba, na chini maji yake yalikuwa yamevuja. Juu paliandikwa 47, na chini yake 25V: maikrofaradi arobaini na saba, volti ishirini na tano. Upande mmoja wa kichwa ulipakwa mstari mweusi. Atupele aliujua mstari huo tangu ujana wake: ndio upande wa hasi.

Aliing'oa, akasafisha mahali pake, kisha akapekua boksi lake. Kapasita ya kikopo yenye kipimo hicho hakuwa nayo. Alichopata, kwenye bodi moja ya zamani, ni kapasita tatu za namna nyingine, vitofali bapa vya manjano vilivyoandikwa 476 na 25V. Alijua kuisoma namba hiyo: arobaini na saba, kisha sifuri sita, ikipimwa kwa kipimo kidogo kabisa, ukiigeuza ni maikrofaradi zile zile arobaini na saba. Volti nazo zililingana. Kila kitofali kilikuwa na mstari kwenye ncha moja. Moyo wake ukatua. Alitoa viwili, akaweka kimoja akiba, na cha pili akakilehemu, mstari mahali palipokuwa na mstari.

Saa sita na nusu aliwasha mashine. Pakasikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, moshi ukapanda, na mashine ikazima. Kitofali kilikuwa kimepasuka katikati, cheusi.

Bupe aliingia mbio kwa ile harufu. Aliitazama bodi, kisha akamtazama Atupele.

"Mashine ndiyo imekufa, mama?"

Atupele angeweza kusema ndiyo. Mashine ilikuwa kuukuu, na hapakuwa na mtu mle ndani ambaye angejua. Aliweka chuma cha kulehemu mezani.

"Hapana, mwanangu. Nimekosea mimi. Kuna kitu nimekisoma vibaya, na bado sijakijua."

"Vimebaki vingapi?"

"Nilichokitoa kimebaki kimoja."

Bupe alisema mshale wa kipimo cha mtungi umeingia kwenye nyekundu.

Atupele alibadilisha fyuzi iliyokatika, akapima bodi kwa mita, akaona mengine yote ni mazima. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kile kitofali. Alisoma namba tena, na tena. Zilikuwa sawa. Akahisi macho yake yanamwonyesha tu yale aliyokwisha kuyaamini. Ndipo akaichukua ile bodi ya zamani, ambayo kitofali cha tatu kilikuwa bado kimeshikamana nayo, akampa Bupe.

"Nisomee. Usikisie, sema unachokiona tu."

Bupe aliisogeza dirishani. "Kuna kitu cha manjano. Kina mstari. Ubavuni mwa mstari, kwenye bodi, pamechorwa alama ya kujumlisha."

"Upande wa mstari?"

"Upande wa mstari."

Atupele alifumba macho. Kwenye kikopo mstari ni hasi. Kwenye kitofali mstari ni chanya. Alama ilikuwa ile ile, lakini wenyewe walikuwa wawili. "Miaka ishirini na mitano nimeusoma mstari bila kumjua mwenye mstari," alimwambia Bupe.

Alikigeuza kile kitofali cha akiba, akakilehemu taratibu, pumzi ameibana. Bibi wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia aondoke. Atupele aliomba kimoyomoyo kwa Kinyakyusa, akabonyeza swichi.

Mashine ilinguruma, ikatulia katika mlio wake. Walisubiri dakika kumi wakiitazama ile bodi kama watu wanaochunga maziwa jikoni, kisha Bupe akaisukuma hadi wodini. Mtungi ulikuwa umebakiza pumzi chache.

Barabara ilipofunguka, fundi wa mashine alikuja akaweka kapasita ya aina ya awali. Mtoto alikwisha kuanza kunyonya.

Bupe hakuyasahau yale. Kila alipopokea wauguzi wapya aliwasimulia, na alipomwona mtu anatambua dawa kwa rangi ya kidonge, alimshika mkono na kumwambia neno la Atupele. Kutoka wodini likaingia sokoni, kutoka sokoni likaingia mabarazani, hata wazee wanaosuluhisha ndoa wakalitumia. Kwa maana kimya cha mtu huyu ni hasira, na cha yule ni huzuni. Ukikijibu kimoja kwa dawa ya kingine, unaunguza.

Ndiyo maana twasema: kabla ya kusoma mstari, mjue mwenye mstari.