Dimbwi la Gwasa na Shimo la Mihogo

Mtu mmoja, jina lake Gwasa, alikuwa na dimbwi lenye maji meupe. Mwanzoni lilikuwa shimo tu, alimochimba udongo wa kufyatulia matofali ya nyumba yake. Mvua ikalijaza, naye akalipenda. Akatandaza kokoto chini, akazungusha miiba kandokando, akapiga marufuku ndoo. Jua lilipopiga, ungeweza kuzihesabu kokoto moja moja. Mgeni alipelekwa kwanza kwenye dimbwi, ndipo akaribishwe kiti. Mkewe aliteka maji mtoni, kilima kushuka, kilima kupanda, ili dimbwi lisitibuke.

Ng'ambo ya njia aliishi mjane, Bibi Nyanzobe. Yeye alikuwa na shimo la kulowekea mihogo. Maji yake yalikuwa meusi, yenye povu, na harufu yake ilikupokea kabla hujabisha hodi. Lakini unga wa mihogo ile ndio uliomlisha yeye na wajukuu wanne.

Msimu ule wa mvua, binti yake Gwasa alishikwa na malaria mara tatu. Mara ya tatu, Gwasa alipomwinua kumnywesha uji, alimwona mwepesi kama kapu tupu, na moyo ukamwaka. Hakuuliza mbu wametoka wapi. Pua yake ilikwisha kumjibu. Akaenda kwenye baraza la kitongoji, akasema mbele ya watu wote: shimo lolote litakalokutwa na viluwiluwi vya mbu wa malaria lifukiwe siku hiyo hiyo, liwe la yeyote. Watu wakakubali. Bibi Nyanzobe naye akakubali, huku akimenya muhogo wake.

Bwana afya akaja na upawa mweupe wenye mpini mrefu. Akachota katika shimo jeusi, hakuona kitu. Akachota tena pembeni, hakuona kitu. Akamwuliza mjane anatia dawa gani.

"Dawa?" Bibi akacheka. "Kila siku ya nne naopoa mihogo, namwaga maji, natia mengine. Mbu gani atakubali kupanga kwa mwenye nyumba anayemfukuza kila siku ya nne?"

Watu wakacheka. Gwasa hakucheka, maana bwana afya alikwisha kuvuka njia, ameinama juu ya miiba. Upawa ukatoka na maji maangavu, na ndani yake viluwiluwi kumi na vitatu, vimelala bapa juu ya maji kama vipande vya uzi. Hivyo ndivyo vya mbu wa malaria, akaeleza. Hupenda maji safi, yenye jua, yasiyoguswa na mtu.

Gwasa akakumbuka jioni zote alizosimama pale akiutazama uso wake majini. Akaenda kuchukua jembe, kwa kuwa hukumu ilikuwa yake mwenyewe, akaanza kufukia. Pigo la tatu, Bibi Nyanzobe akaushika mpini.

"Weka jembe chini, mwanangu. Maji haya hayana kosa. Hayana kazi tu."

Baraza likaitengua hukumu palepale: dimbwi lisifukiwe, bali litekwe na kukombwa kila juma. Gwasa akaing'oa miiba kwa mikono yake, na mkewe akatumbukiza ndoo ya kwanza, tena kwa kishindo, mpaka mumewe akalowa kifuani. Hapo hata Gwasa akacheka.

Tangu siku ile, kila Jumamosi dimbwi hukombwa mpaka chini. Maji hunywesha mboga, hufua nguo, huloweka mihogo. Tope limeingia, na kokoto hazihesabiki tena. Na yule binti aliyekuwa mwepesi kama kapu tupu hubeba ndoo yake mwenyewe, akilalamika njia nzima kwamba ni nzito, na baba yake husikiliza malalamiko hayo kama wimbo.

Nawe uliye na wema mweupe, uliouzungushia miiba usitibuke: ni nani aliyeuchota mara ya mwisho?