Begi la Koplo Atupele

Haya, sogeeni, na anayetafuna amalize kutafuna kwanza. Leo nina kesi mkononi, hukumu sina. Nimeizungusha kichwani miaka mpaka nimechoka nayo, kwa hiyo nawagawia na nyinyi mchoke.

Katika kambi ya Nyambewa, kwenye kota za wanajeshi wenye familia, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na chake.

Wa kwanza ni Bibi Mwanahija, mjane wa sajini, aliyekuwa akiuza maandazi getini. Huyu alijaliwa macho. Ukipita mbele yake anakwambia jino linakusumbua, nawe hujamwambia mtu. Watu wengine walikuwa wanazunguka geti la nyuma ili wasisomwe.

Wa pili ni Lwitiko, fundi cherehani, mume wa Koplo Atupele. Naam, mke ndiye mwanajeshi, mume ndiye anayebaki nyumbani na mtoto. Wanaume wa kota walimtania wee mpaka wakachoka wao. Lwitiko alijaliwa ubishi wa kimyakimya: akianza jambo haliachi, hata umwambie nini.

Wa tatu ni Mama Zawena, mke wa Koplo Kisoma. Huyu, jamani, aliogopa kila kitu. Mjusi anaogopa, radi anaogopa, maji ya magotini anaogopa, sindano ndiyo usiseme. Lakini ukimwita kwenye shida anakuja, anakuja huku analia. Mimi hicho nakiita kipaji, na anayebisha abishe.

Sasa kuna desturi moja lazima niwaambie, maana kesi yote imekaa hapo. Pale Nyambewa, askari akirudi kutoka misheni ya mbali hatui begi mwenyewe. Anasimama uwanjani nalo mgongoni mpaka mtu aliyemshikia nyumba, awe wa nyumbani au jirani, atoke kwenye mstari aje amtue. Mtu mmoja tu. Na huyo aliyetua ndiye atakayeandikwa wa kwanza na askari wake kwenye fomu safari nyingine ikija, yule ambaye jeshi humwendea kabla ya wote likiwa na habari, iwe njema, iwe ile nyingine. Ni heshima kubwa, na ni mzigo. Usiku na mchana unaishi ukijua mlango utakaogongwa ni wako.

Basi. Koplo Atupele na Koplo Kisoma waliondoka na kikosi kimoja kwenda kulinda amani nchi ya watu, miezi kumi na minne. Atupele alimwacha binti yake, Sekela, akiwa na miaka miwili. Mwezi wa tano mvua ikanyesha kama imetumwa, daraja la mto Lwika likaenda na maji, na hospitali yenye wodi iko ng'ambo.

Ikafika Jumapili moja. Alfajiri ile lori la kambi lilikuwa linawapeleka wajane makaburini, upande wa milimani. Linakwenda mara moja kwa mwaka. Na mwaka ule lilikuwa na maana ya pekee kwa Bibi Mwanahija, kwa sababu kaburi la mumewe lilikuwa limekaa miaka kumi na moja na kibao cha mbao, na sasa limewekewa jiwe lenye jina lake. Yeye ndiye angefunua kitambaa. Alishonesha gauni jipya kwa Lwitiko. Lwitiko akaja kumuaga na mtoto begani, akamwambia Sekela ampungie bibi mkono, na mtoto akapunga.

Bibi Mwanahija akakiona kiganja. Kilikuwa cheupe kama unga. Akaigonga kabini ya dereva kwa ngumi zote mbili, akashuka na gauni lake jipya kwenye matope, akamshika mtoto, akamvuta kope ya chini, akatazama kifua kinavyokwenda mbio. Lwitiko akasema mtoto ana usingizi tu, ameamshwa mapema. Bibi akamwambia, "Huyu damu inamwisha. Ukimrudisha kulala, haamki." Wajane wenzake wakamwita apande, dereva akasubiri kidogo, kisha lori likaondoka. Kitambaa kikafunuliwa na mtu mwingine. Bibi Mwanahija aliingia na mtoto zahanati ya kambi, na mganga alipopima akasema ni malaria kali, anahitaji kuongezewa damu leo hii, na damu hapa hakuna.

Hapo Lwitiko hakuuliza swali. Alimfunga Sekela mgongoni kwa kitenge cha mama yake, akaenda mtoni. Vijana wa ulinzi wakamwambia asubiri, kamba inaletwa, baada ya saa mbili tatu hivi. Akawauliza mtoto naye atasubiri? Akaingia. Maji yalimfika kifuani. Katikati ya mto jiwe likaviringika likambana mguu wa kulia, akasikia mfupa unavunjika. Fikirini: angeanguka, mtoto anakwenda na maji. Hakuanguka. Akautoa mguu, akavuka, akatembea kilomita tisa nao vile vile, akiegemea gongo, akimwimbia mtoto asilale. Saa sita mchana alikuwa hospitali. Ule mguu haukurudi tena sawasawa, na fundi cherehani anakula kwa mguu. Mpaka leo anazungusha gurudumu kwa mkono.

Hospitali jokofu la damu lilikuwa tupu, na damu ya baba haikuingiliana na ya mtoto. Lwitiko akaomba simu, akapiga ofisi ya ustawi kambini. Sasa Jumapili mchana ofisi ile inajaa, maana ndiyo siku ya simu kutoka misheni, dakika kumi kila familia kwa zamu. Mama Zawena alikuwa ameingoja zamu yake wiki sita. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, aliyekuwa anaongea amebakiza dakika mbili. Karani akasimama, akauliza nani ana damu ya kundi O, mtoto wa Atupele anakufa ng'ambo.

Mama Zawena akatazama simu. Akatazama kulia na kushoto, hakuna aliyenyanyua mkono. Machozi yakaanza. Akainuka. Kamba ilikuwa imeshafungwa mtoni, akavuka nayo akipiga mayowe yaliyosikika mpaka jikoni kwa maofisa, akafika hospitali analia, akanyoosha mkono analia, sindano ikaingia. Saa kumi damu yake ilikuwa inaingia kwa Sekela tone kwa tone. Ofisini simu iliita, Koplo Kisoma akaambiwa mkeo katoka. Kesho yake kikosi chake kikahamishiwa mahali pasipo na mtandao. Mama Zawena alikaa siku tisini hajui kama ana mume au hana. Kila buti likipita kibarazani anashika ukuta.

Sekela akapona. Angekosekana mmoja wa wale watatu, tungekuwa tunahadithia msiba.

Miezi kumi na minne ikaisha, kikosi kikarudi. Uwanja ukajaa, sufuria za pilau zikateremshwa. Begi moja baada ya jingine likatuliwa. Mama Zawena akamtua mumewe, akarudi kwenye mstari macho yamevimba kwa furaha. Akabaki Koplo Atupele peke yake, begi mgongoni, Sekela amemshika suruali. Habari zote alikuwa ameshazipata kwa barua. Anawatazama watatu wake, nao watatu wanatazamana.

Hakutoka mtu.

Bibi Mwanahija akamsukuma Lwitiko, akasema yeye alitazama tu, na kutazama hakumvunji mtu mguu. Lwitiko akakataa. Akasema baba hapewi asante kwa kumbeba mwanawe, aende Mama Zawena, ambaye mtoto hakuwa wake. Mama Zawena akatikisa kichwa, akasema yeye begi lake la kutua ameshalitua, na mumewe amerudi mzima. Bibi wa watu alikosa kitambaa cha mumewe, na hicho hakirudi.

Watu nao wakaingilia. Wenye magongo na vidonda wakasema Lwitiko, mguu ni mguu. Wajane wakasema Bibi, asingeona yeye, wale wawili wangejuaje kuna mtoto wa kuokoa? Wake wa askari, wote kwa sauti moja, wakasema Mama Zawena, kwa sababu wao wanazijua zile siku tisini. Mmoja akatoa wazo kwamba wamtue wote watatu kwa pamoja. Sajini meja akakataa. Akasema wanaokuja na habari mbaya hawawezi kugonga milango mitatu kwa wakati mmoja, lazima uwepo wa kwanza.

Hapo ndipo Koplo Atupele alipoingiza mkono mfuko wa kifua akatoa karatasi. Ilikuwa fomu mpya. Ameitwa tena, Januari, miezi kumi na minne mingine. Nafasi ya jina la kwanza iko wazi.

Akasema, "Kila mmoja wenu ameshanipa zaidi ya nilichokuwa na haki ya kuomba. Na sasa naomba tena. Siogopi kwenda. Naogopa kumchagua wa kugongewa."

Wale watatu, waliokuwa wanasukumana kurudi nyuma, walipoisikia hiyo Januari wakapiga hatua mbele wote, kwa mara moja. Hata yule wa machozi. Hakuna aliyetaka mwenzake ndiye agongewe.

Jua linawaka. Begi lina kilo thelathini. Mikono mitatu imenyooka mbele ya Koplo Atupele: wa aliyeona, wa aliyebeba, wa aliyetoa damu yake. Ataupokea mmoja, na wengine wawili atawaambia wangoje.

Msiniangalie mimi, mimi nimeshashindwa. Wewe uliyekaa hapo mbele, ungekuwa ndiye mwenye lile begi, ungemwita nani? Na ungewaambia nini wale wawili?