Koti la Mbiu

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni hii ya juzijuzi ambayo matope yake hayajakauka, palikuwa na mji wa milimani uitwao Vughoma. Vughoma ilijivunia vitu viwili: ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na gazeti. Gazeti liliitwa Mbiu, lilitoka kila Alhamisi, na mwandishi wake alikuwa mmoja tu, Nakijwa.

Nakijwa alivaa koti la mvua la kijani. Halikuwa lake, lilikuwa la Mbiu. Aliyemtangulia ndiye aliyemvisha, naye siku ya kuondoka atamvisha mwingine, mbele ya watu, mchana kweupe. Koti likikosa wa kulivaa, gazeti linafungwa. Ndiyo kanuni.

Sasa Nakijwa alikuwa anaondoka. Gazeti kubwa la mjini lilimwita, naye akaitika upesi, kwa sababu alikuwa amekata tamaa. Mnajua kwa nini? Watu wa Vughoma walinunua Mbiu, tena kwa kugombania, lakini wakilishika tu gazeti, wanageuza nyuma! Nyuma ndiko zilikochapwa zamu za maji: Ijumaa nani afungulie, Jumamosi nani. Mtu akishaona zamu yake, gazeti linakwenda kufungia maandazi.

"Miaka minane naandika ukurasa wa mbele," Nakijwa alimwambia mama yake, "na msomaji wangu ni andazi."

Wiki tatu kabla ya safari, Mzee Sekiondo, mlinzi wa ndiva, alimjia ofisini akihema. "Mwanangu, ukuta una ufa. Ngumi inaingia. Nimemwambia mwenyekiti wa maji, kanicheka. Andika." Nakijwa akapanda hadi ndiva, akajaribu ngumi, ikaingia. Akaandika mbele, kwa herufi nene. Alhamisi ikafika. Watu wakageuza nyuma. Akaandika tena. Alhamisi ikafika. Watu wakageuza nyuma.

Ikabaki Alhamisi moja, ya kumuaga. Akaandika mara ya tatu, akampa kurasa fundi wa mtambo wa kuchapa, Eliamani, mtu mzima mpole ambaye hajawahi kubishana hata na nzi. Eliamani akazitazama zamu, akaitazama habari ya ufa. Kisha, bila kumuuliza mhariri, bila kumuuliza Nakijwa, akazing'oa zamu zote! Mahali pake akaweka maneno makubwa kama viganja: NDIVA INAPASUKA. MSISHUKE MASHAMBANI.

Asubuhi gazeti likamfikia muuzaji, Mama Namsifu, mwenye sauti ya kuamsha bonde zima. Akageuza nyuma. Hakuna zamu! Hasira zikampanda hata hakusoma herufi moja ya kilichokuwepo. Akashuka mbio, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. "Zamu zimeibwa! Wameuza maji yetu! Pandeni, twendeni ofisini!" Aliyenunua gazeti akapanda. Asiyenunua akapanda. Asiyejua kusoma akapanda. Hata mwenyekiti wa maji akapanda, jembe begani.

Nakijwa alikuwa ameshika begi, lori la tangawizi likimsubiri nje. Umati ukamzingira.

"Zamu ziko wapi?"

"Unaondoka na maji yetu, eti?"

Machozi yakamlenga. Ndivyo mtu anavyoagwa baada ya miaka minane!

Ndipo ukasikika mshindo. Puuu! Ardhi ikatetemeka. Watu wakageuka, wakaiona ndiva imefumuka, maji mekundu yanateremka na mawe, migomba, majembe, na kibanda cha Mzee Sekiondo kikielea na mlango wazi. Bonde zima likawa tope, na humo bondeni hapakuwa na mtu hata mmoja. Wakajihesabu. Wakajihesabu tena. Wote wapo! Vigelegele vikalipuka. Waliokuwa wakimzomea Nakijwa wakamkumbatia wakilia, na Mbiu ikasomwa nyuma na mbele, neno kwa neno, mwenye miwani akimsomea asiye nayo. Nakijwa alicheka huku analia. Furaha ilimjaa hata akalisahau lori.

Dereva akapiga honi.

"Binti yangu," akasema mhariri, Mzee Mbazi, "leo tumejua tungekuwa wapi bila gazeti. Nenda salama. Lakini kwanza, mvishe mtu koti."

Wakajitokeza watatu kwa mpigo.

"Ni langu," akasema Mzee Sekiondo. "Bila jicho langu, mngeandika nini? Mngechapa nini? Mngetangaza nini?"

"Na jicho hilo liliuona ufa lini, Mzee?" akauliza Mama Namsifu.

Mzee akatazama chini. "Mwezi mzima kabla sijasema. Niliogopa kuachishwa kazi."

"Basi ni langu," akasema Eliamani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza watu kumsikia akipaza sauti. "Habari ilikaa mbele wiki mbili, imelala. Mimi nimeipeleka macho yalipo."

"Kwa kung'oa zamu tulizokuamini nazo, bila kumuuliza mtu?" akasema Mzee Sekiondo. "Kesho utang'oa nini?"



"Hamna haya nyinyi!" Mama Namsifu akawasukuma kando. "Gazeti linaingia nyumba sitini. Bondeni ziko mia mbili. Hizo nyingine alizifikia nani? Ufa haukutembea. Mtambo haukutembea. Nilitembea mimi!"

"Ukitangaza uongo, Mama Namsifu," akasema Eliamani. "Hakuna aliyeuza maji."

"Uongo ndiyo. Na wewe uko hai unaniambia."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa maji, aliyekuwa nyuma kabisa, akainua mkono. "Samahani. Na zamu za kesho je?"

"Zamu za nini, Mwenyekiti, na ndiva imekwenda?" watu wakamjibu.

Honi ikalia tena. Nakijwa akavua koti. Sasa alijua lina uzito gani: atakayelivaa ndiye Vughoma itakayemsikiliza siku nyingine ukuta ukipasuka. Akamtazama Mzee, akamtazama Eliamani, akamtazama Mama Namsifu. Akapandisha mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, koti mkononi, na mikono mitatu ikanyooshwa kulipokea.

Haya, nyinyi mliosikia. Msiniambie wagawane, koti lina mikono miwili tu. Msiniambie abaki nalo, mguu umeshapanda. Yupo aliyeona akachelewa kusema. Yupo aliyethubutu bila kuuliza. Yupo aliyetangaza bila kusoma. Je, nani alistahili koti?