Fisi Aliyebeba Vikapu Vyote

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na nini, wanangu?
Pakawa na kilima.
Na kilimani je?
Pakawa na sufuria.

Sufuria hiyo tuiache jikoni kwanza, tutaifikia.

Hapo kale, juu ya kilima alikaa Bibi Nungunungu, mganga mwenye sindano mwili mzima. Kwake walilazwa watoto wa wanyama waliougua saratani. Dawa yake ilikuwa kali. Iliwapukutisha manyoya, na haikukaa tumboni pasipo chakula. Na chakula kilikuwa kimekwisha. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Chembe, binti wa Kindi.

Basi wanyama wakaandaa mbio za hisani. Kila mmoja abebe kikapu chake, akimbie mpaka kilimani, akakitue kwa watoto.

Fisi akaja bila kikapu. Akasema, "Jamani, mchoke wote kwa nini? Nibebesheni mimi. Mwenye mgongo ni mimi."

Wanyama wakatazamana. Nani amkatalie Fisi na meno yale? Wakambebesha. Kindi akarukia juu ya vikapu. "Mjomba, nitakuimbia usichoke."

Tifu, tifu, tifu. Fisi akawaacha wenzake nyuma. Harufu ya viazi ikampanda puani, tumbo likalia ngurrr. Akasimama kichakani.

"Kula, mjomba, kula," Kindi akasema. "Ukishiba wewe, sufuria itabaki yangu."

"Sufuria gani?"

"Ya kilimani. Watoto wanapewa asubuhi na jioni, mpaka wengine wanakataa."

"Wanakataa?"

"Wanafumba midomo kabisa. Leo atakayefika wa kwanza nitamwombea bakuli kubwa kuliko yote. Lakini nani huenda harusini ameshiba ugali wa nyumbani?"

Fisi akameza mate. Akakimbia.

Tifu, tifu, tifu. Harufu ya karanga ikampanda puani, tumbo likalia ngurrr. Akasimama.

"Kula, mjomba, kula."

"Ng'o. Unaitaka sufuria yangu wewe."

Tifu, tifu, tifu. Harufu ya asali ikampanda puani, tumbo likalia ngurrr, ngurrr. Kindi hakusema neno.

"Sili," Fisi akasema mwenyewe. "Wala usinibembeleze."

Wakafika. Vikapu vyote vizima. Chembe alikuwa mlangoni, hana unyoya hata mkiani, amefumba mdomo mbele ya bakuli lake.

"Bibi," Kindi akasema, "mgeni wetu ana njaa. Mpe bakuli kubwa."

Fisi akabugia. Gubu, gubu, gubu. Ghafla akakoma. Macho yakamtoka, masikio yakalala, ulimi ukachungulia nje ukakataa kurudi. Ulikuwa uji wa mizizi na magome, mchungu kuliko shubiri. Akataka kutema. Watoto wote walikuwa wakimtazama. Akaona haya, akameza.

"Mjomba Fisi," Chembe akauliza, "ni tamu?"

"Ta... tamu."

Watoto wakacheka mpaka wakaegemeana. Chembe, bado anacheka, akanywa dawa yake yote, akapewa kiazi cha kushushia. Kikakaa tumboni. Kindi, mama yake, akakaa kando akimtazama anavyotafuna.

Wenzao walipofika wakihema, walimpigia Fisi vigelegele, wakamchagua abebe vikapu mwaka ujao pia.

Hadithi yangu nimeitua hapo mlangoni, pamoja na vikapu. Na funzo lake, wanangu, mlishike vizuri: ukialikwa karamu, kula njiani.