Kumjibia Mgonjwa

Sogeeni, wanangu, na ninyi wa nyuma njooni mbele. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na kabla ya sala ya kufunga nina kisa.

Kulikuwa na chama kimoja cha akina mama, chama cha kutazama wagonjwa wasio na mtu. Ofisi hawakuwa nayo, gari hawakuwa nalo. Walikuwa na miguu. Kila Jumatatu kila mama aliingia nyumba zake tatu au nne, na walifuata kanuni waliyoachiwa na waliowatangulia: mgonjwa haulizwi kama amekula. Mgonjwa ana haya, atakwambia nimeshiba. Unafunua sufuria, unatikisa ndoo ya maji, ndipo unakaa kuzungumza. Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo. Kabla hujamaliza kumwambia karibu mama, mkono wake umeshafika kwenye mfuniko.

Basi wakaja watu wa shirika moja, watu wema, wakawapa simu zile pana za kupangusa kwa kidole. Ndani mna ramani, na kila nyumba ya mgonjwa ni nukta. Ikifika Jumatatu, ujumbe unakwenda kwenye simu ya mgonjwa mwenyewe: hujambo? Bonyeza moja. Una shida? Bonyeza mbili. Moja, nukta inakuwa kijani. Mbili, inakuwa nyekundu, chama kizima kinaiona. Na ulifaa, mpango ule, nisiwafiche. Mjane mmoja wa kule mlimani alibonyeza mbili asubuhi, mchana yuko zahanati. Zamani angengoja kikao.

Sasa, mwenyekiti wa chama, katika nyumba zake, alikuwa na bibi mmoja ng'ambo ya kijito, miguu imekufa, anaishi peke yake, simu hana. Siku ya kumwandikisha mpango ukagoma. Bila namba ya simu hauendi mbele. Mwenyekiti akaweka namba yake mwenyewe. Akasema, "Nitakwenda, nitamtazama, halafu nitamjibia." Wengine wawili wasio na simu akawafanyia hivyo hivyo.

Mwezi wa kwanza alikwenda. Zikaja mvua, njia ya kijitoni ikawa tope, akabonyeza moja kwa sababu juzi yake akienda mashineni kusaga alimsikia bibi akikohoa. Anayekohoa si mzima? Wiki iliyofuata alibonyeza akiwa jikoni, mkono mmoja unasonga ugali. Na ukibonyeza mbili, maswali yanakuja kama ya karani wa sensa. Nani ana nafasi hiyo? Hata ikafika mahali anabonyeza kama mtu anayefukuza inzi, wala hakumbuki amefukuza.

Jumatatu moja saa nne muuza mkaa akapita kwake. "Shoga, mlango wa yule bibi yako sijauona wazi tangu Ijumaa."

"Aa, yule hajambo. Ngoja nikuoneshe, usije ukanitia wasiwasi bure." Akaifungua ramani. "Ona, kijani. Amejibu leo saa mbili."

Muuza mkaa akaitazama, akamtazama na mwenyekiti. "Kajibu na nini? Simu kaipata lini?"

Mwenyekiti akaizima ramani. Alivaa kandambili, wakatoka.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walipousukuma kwa mabega hadi komeo likang'oka, wakamkuta bibi yuko chini, ametoka kitandani akijikokota kuufuata mlango, amebakiza hatua mbili. Ndoo kavu. Alikuwa amekwisha kukata roho, amepoa zamani. Yule aliyekuwa hajambo saa mbili.

Mwenyekiti akakaa chini kando yake. Akabonyeza mbili, angalau ramani iseme kweli. Maswali yakaja. Ana homa? Anakula? La mwisho likauliza: anahitaji kutembelewa?

Wanangu, asitoke mtu hapa akasema mimi bibi yenu nimezilaani simu. Simu iliuliza. Iliuliza kila Jumatatu bila kuchoka. Aliyechoka ni nani? Nukta ile haikujipaka rangi yenyewe.

Na sisi je? Si tunajibiana kila siku? "Mama anaendeleaje?" "Hajambo." Ulimwona lini? "Yule jirani aliyefiwa?" "Ameshazoea." Nani kakwambia? Tumewajibia watu wangapi, wao wamelala wanatazama mlango? Nami nimo. Yuko mtu hapa kijijini nimesema kwa mdomo huu yu salama, na nyumbani kwake sijafika tangu mavuno.

Kwa hiyo leo sala ya kufunga hatuisali sasa. Kila mmoja anamjua aliyemjibia. Inukeni twende, hata mimi na fimbo yangu. Utakayemkuta usimuulize kama amekula. Na ukibisha hodi pasiitike mtu, usirudi. Sukuma mlango. Tutasali jioni, tukisharudi.